Mvua ya Mawe Iko

…na mvua ya mawe iko, anasema Gitau wa bima, akikoroga chai yake kana kwamba sukari imegoma kuyeyuka, mvua ya mawe iko, mama Cherono, upepo ukiangusha mti juu ya gari, hiyo pia iko, radi iko, na Chelangat anajiuliza mti gani, upepo wa Lodwar una vumbi la kumzika mtu lakini miti uiangushe wapi, na mvua ya mawe aliiona mara ya mwisho kwao Kericho akiwa msichana, ilipopiga chai shambani mpaka babake akakaa chini kwenye matope, hapa nani amewahi kuiona, lakini iko, imelipiwa, basi vizuri, afike sasa kwenye maji, maji ndiyo yaliyowaleta kwa wakala huyu wa bima, gari lake la kupeleka nyanya na kabichi kambini Kakuma limelala kwenye mchanga wa laga ya huko, mto mkavu ule, likiwa na matope mpaka ndani ya redio, gari alilonunua kwa kuuza kipande cha shamba la chai alichoachiwa na babake, ndugu zake wakanuna mpaka leo, na bima aliyolikatia ni ile kubwa, inayolipa hata gari lako mwenyewe, si ile ndogo ya kulipa uliowagonga tu, hilo analijua… na Kipngeno, mumewe, kando yake kwenye benchi, anakwangua rangi ya meza kwa ukucha wa kidole gumba, aache, meza ya watu hiyo, lakini mwache, ana haya, mwanamume akiona gari likielea mbele ya umati atakuwa na haya, na tena halikuwa kosa lake peke yake, sisi watu wa Kenya, ndivyo Waturkana wanavyotuita, kana kwamba wao wanaishi nchi nyingine, sisi sote huegesha ndani ya laga, mchanga laini, kivuli cha migunga, na wanawake wakija kuchimba maji wananunua nyanya papo hapo, na siku ile mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani, ndipo Losike, mzee anayevusha watu laga ikijaa, akaja akagonga bodi kwa fimbo yake, akasalimu, ejok mama, toa gari, maji inakuja, maji gani mzee, wakamwuliza, kwani unaona wingu, wingu haiko hapa, iko kule mlima, imenyesha tangu asubuhi, na Kipngeno akacheka, akalaza kiti nyuma asinzie kidogo, na Nyabol, mteja wake wa kambini, ambaye tayari alikuwa amepanda ukingo na kreti kichwani, akaita, Mama Chai, huyu bwana yako anangoja maji imwamshe, nao wakacheka wote, mpaka mngurumo ukasikika kama malori yanayokuja kwa msafara, na Kipngeno akatokea dirishani na kiatu kimoja, alhamdulillahi, angesema Msomali wa dukani, alhamdulillahi kweli, mtu alitoka, gari ni chuma…

Sasa mafuriko, anasema Gitau, na kijiko kinasimama, mafuriko ni jambo la pembeni, mama, ni kipengele cha kuongeza, anayetaka anawekewa, asiyetaka anatolewa, na kwa gari lenu, anaangalia ndani ya kikombe, kwa gari lenu kilitolewa… kilitolewa na nani, huyu Gitau, ndugu wa maombi ya Jumatano, anayefumba macho mpaka kope zinatetemeka, ndiye huyu, hiyo pesa ameila yeye, leo ataniona, na Chelangat anafungua mdomo, maneno yote yakiwa tayari, lakini Gitau hamwangalii yeye, anamwangalia Kipngeno, polepole, kama anayeomba ruhusa, baba Cherono alipita hapa Januari tulipokata bima upya, akaniambia toa hiyo ya mafuriko, hapa ni jangwa, tutazama kwenye nini, kwenye jasho, tukacheka kidogo… na ukucha kwenye meza umetulia. Januari. Chelangat alikuwa akipiga pasi sare ya Cherono, akamwambia Kipngeno akiwa mlangoni, usiguse ya mafuriko, umesahau maji ya mwaka jana yalivyobeba banda la mbuzi hapo chini, naye akasema sawa, nimesikia, na kumbe kweli alisikia, haya, alipunguza gharama, mtu hupunguza, hata yeye hupunguza sabuni, hupunguza mafuta ya kupikia, hilo angemgombeza likaisha, lakini jioni ile ya maji, uani kwa Nyabol, Kipngeno ameketi juu ya dumu tupu na kiatu chake kimoja, alimpangusa matope shingoni akamwambia usilie, bima iko, baba Cherono, bima iko, naye akaweka kichwa gotini pake akalia zaidi, mabega yote yakitikisika, na Nyabol akageuka ukutani kwa heshima, na Chelangat akadhani analilia gari… tangu siku hiyo bima iko, amewaambia watoto, amewaambia ndugu zake kwenye simu, amemwambia Nyabol wateja wasihame, na kila mara Kipngeno kando yake, ndiyo, ikilipa, ndiyo, na juzi tu, akinawa mikono, alisema tukilipwa tuchukue nyeupe, haishiki joto, nyeupe, akachagua hata rangi…

Umenielewa, mama, anauliza Gitau, na kijiko kimeanza tena kuzunguka, chai ile ile, dirishani mbingu nyeupe ile ile, nimeelewa, anasema, mvua ya mawe iko, na anahisi mkono wa Kipngeno ukitua gotini pake, rangi ya meza ingali chini ya ukucha, pumzi yake imeanza kukatika, sasa hivi atalia, na goti linaukumbuka uzito wa kichwa kile, linaujua kabla haujafika, naye analisogeza, kidogo tu, kama mtu anayempisha mgeni kwenye benchi.