Kikombe Mgongoni

Niliinua macho katikati ya rukuu. Anayesali hutakiwa kutazama pale atakaposujudu, nami hujitahidi. Lakini alasiri ile nilichelewa msikitini, nikapata nafasi nyuma ya safu ya wasichana, na mbele yangu alikuwa Mounira wangu. Imamu alipotoa takbira wote waliinama. Migongo ya wenzake ililala sawa kama mbao za benchi. Wa kwake, upande wa kulia, chini ya shela nyeupe, ulikuwa umeinuka.

Nilisujudu bila kujua ninasoma nini.

Nyumbani nilifunga mlango nikamvua blauzi. Bega moja lilikuwa juu ya jingine, na mfupa wa nyuma ulitokeza kama bawa la kuku aliyenyeshewa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, umri ambao mtoto wa kike huoga peke yake, na mama huona uso na mikono tu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Shuleni wananiita Kilima," alisema, kana kwamba hilo ndilo jibu.

Kuanzia hapo kila mtu wa Kasongo akawa daktari. Jirani alikuja na mafuta ya mawese ya moto akataka kumkanda. Mwingine akasema ni mabeseni ya maji ninayomtwisha, na alisema hivyo mbele ya beseni la binti yake mwenyewe. Mwanamke mmoja wa sokoni alileta ubao na vitambaa ili mtoto afungwe kama mguu wa mbuzi uliovunjika. Hata mwalimu Bruno, anayetufundisha kusoma jioni sisi watu wazima, aliacha silabi ubaoni akatueleza kwa kirefu kwamba kosa ni la madawati. Kila usiku nilimwomba Mungu anipe subira. Alinipa, nikaimaliza, nikarudi kuomba nyingine.

Daktari Nathanaël hakukanda wala kufunga. Alikuwa ametoka Bukavu kupima watoto wa kwetu. Alimwambia Mounira ainame mbele, mikono ikining'inia, kisha akachuchumaa akautazama mgongo kwa usawa wa jicho. Nikashangaa. Kumbe kipimo chao ni rukuu.

Alimpiga picha ya mifupa, akaiweka dirishani. Uti wa mgongo wa mwanangu ulikuwa ukienda kama njia ya kwenda kijiji cha Wamaza inavyokwepa matope, mara huku, mara kule.

"Mama Mounira, mutoto iko anakua bado," alisema. "Tukingojea, mugongo utazidi kupinda, na pafu la upande huu litakosa nafasi."

Alinieleza kwamba wapasuaji wageni wangekuja Bukavu kabla ya mvua kubwa. Wangelaza vyuma viwili vyembamba kando ya uti, wavikaze kwenye mifupa kwa skurubu, na mgongo ungevifuata.

"Na vyuma vitatoka lini?"

"Havitoki. Atazeeka navyo."

Hawakudai kitu kwetu ila kibali cha baba.

Basi hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Baba ni Djafari, mume wangu, mtu wa pikipiki, anayepeleka wafanyabiashara na mizigo yao Kabambare na kurudi. Ni mtu mwema. Anaweza kuivusha pikipiki juu ya gogo moja, mto umefurika, bila kusita. Lakini ukimwuliza jambo la familia anatazama magurudumu.

"Tumusikie dada kwanza," alisema.

Dada yake ni Aziza, mkubwa wao, anayeuza vitenge Kabambare. Djafari alimtumia neno kwa wasafiri. Aziza akajibu kwa wasafiri: chuma mwilini, mtoto atarukuu namna gani? Asipigwe kisu. Djafari akaenda kukaza mnyororo wa pikipiki. Nikamwambia mwezi unakwisha. "Tumusikie dada." Nikamwambia amekwisha kutujibu na hajamwona mtoto. "Basi atuone, tumusikie." Nilitoka nje nikakoroga ugali mpaka mwiko ukavunjika.

Tulikwenda watatu juu ya pikipiki, Mounira katikati. Njia ilikuwa ya utelezi, na kwenye kila mlima Djafari alitushusha tupande kwa miguu huku yeye akihangaika na mashine. Mlima wa mwisho Mounira alisimama mara kwa mara, mkono kiunoni, akivuta pumzi fupi kama mtu anayekunywa chai ya moto. Nilimtazama baba yake. Na yeye alikuwa akimtazama mwanawe. Kisha akageuka, akaanza kusafisha matope kwenye plagi ambayo haikuwa na matope.

Aziza alikuwa barazani pamoja na Hemedi, mnunuzi wa dhahabu kutoka Salamabila, aliyekuwa akingoja kitenge chake kipimwe. Wifi yangu alitukaribisha vizuri, akatulisha, akamzungusha Mounira kama anavyozungusha nguo.

"Wifi, mutoto iko muzima kabisa! Ni uvivu. Anajikunja kama babu."

"Na vyuma ndani?" Hemedi akadakia. "Asipite kwetu, mama. Vijana wa mashini za kutafutia dhahabu wakimupitishia, ikalia pii, watamuchimba!"

Wakacheka. Djafari naye akacheka kidogo, kwa adabu. Mimi nilisoma dua moja fupi kimoyomoyo, si ya kumwombea Hemedi mema, na nikatubu palepale.

"Sikia," Aziza aliendelea, "mwalimu wetu wa madrasa alikuwa anatuwekea kikombe cha maji mugongoni tukiwa kwenye rukuu. Kikimwagika, unarudilia. Ndiyo maana munaniona miye nimenyooka. Rukuu ya sawa inanyoosha mugongo kuliko huyo dokta wenu. Mounira, inama."

"Wifi, mtoto amechoka na safari."

"Nimesema ainame. Simuchinji."

Mounira aliniangalia, kisha akainama, viganja magotini, pale kwenye mkeka. Aziza alijaza kikombe cha bati kutoka kwenye birika la udhu, akakiweka katikati ya mgongo. Kikateleza kushoto, kikamwagika.

"Jinyooshe!"

"Nimejinyoosha, Shangazi."

Akakijaza tena. Kikaanguka upande uleule. Maji yakaingia shingoni mwa mwanangu, naye hakutikisika. Nilitaka kusimama, nikaona Djafari amenishika mkono, na sikujua ananizuia au anajishikilia. Aziza, kwa ukaidi ambao hakuna wa ukoo ule aliyeukosa, akajaza tena. Kikombe kikaviringika mpaka kwenye viatu vya Hemedi.

Mounira, bado ameinama, uso wake ukielekea mkeka, alisema taratibu:

"Shangazi, si miye ninayekimwaga."

Hakuna aliyecheka. Aziza aliweka kiganja juu ya shela iliyolowa. Alikishusha polepole, kama anavyopapasa kitambaa kutafuta kasoro kabla ya kununua. Kiganja kikapanda, kikafika pale palipoinuka, kikasimama. Kikarudi. Kikapanda tena. Niliona midomo yake ikitembea.

Akamwinua mtoto, akamfuta shingo kwa ncha ya kitenge chake mwenyewe. Kisha akamgeukia ndugu yake.

"Na wewe, Djafari! Mutoto anapinda hivi, wewe unangojea nini?"

Papo hapo Djafari aliniuliza karatasi ya kibali ya daktari iko wapi.

Nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa juu ya kinu. Nilicheka, nikalia, nikamshukuru Mungu, na kwa kweli nilimlalamikia pia. Kwamba angeweza kuufikisha mkono ule pale mapema zaidi, bila matope yote yale.

Mengine yalikwenda kama Nathanaël alivyosema. Bukavu walimchukua asubuhi na kumrudisha jioni, amevimba uso, akinuka dawa, mrefu kuliko nilivyompeleka. Nilipoona picha mpya dirishani, vyuma viwili vyeupe, na mifupa imepangwa kati yao kama watoto walioitwa kwenye mstari, niliifuata kwa kidole toka juu hadi chini. Tulibaki Bukavu kwa jamaa hadi aliporuhusiwa kusafiri kwenye njia za kwetu. Alisali kwenye kiti kwa muda mrefu. Wanawake wa msikitini wakapata tena la kusema: msichana mdogo, kiti kama bibi kizee. Nilishazoea.

Kiangazi kilichofuata Aziza alikuja Kasongo na mzigo wa vitenge. Mounira alikuwa ameanza kusali amesimama, akiinama kutoka nyongani, mgongo ukishuka wote kwa pamoja kama mlango. Alasiri tulisali nyumbani, mimi na yeye bega kwa bega. Wifi alikuwa amekwisha kusali, au alisema amekwisha, akakaa nyuma yetu na chai yake.

Tuliingia kwenye rukuu. Nikasikia mkeka ukilia nyuma, magoti ya mtu mzima yakiinuka. Nikasikia pumzi yake. Nilijua. Ee Mola, nilijua kabla sijaona, na nilikuwa katika sala, siwezi kusema: wifi, mtoto anasali, wifi, muogope Mungu, wifi, hicho ni kikombe changu cha kaure.

Niligeuza jicho.

Kilikuwa pale, katikati ya shela nyeupe. Kiliinama kidogo upande wa kushoto, kwa sababu mbavu hazirudi zote. Chai ilitetemeka, ikafika ukingoni, ikatulia. Nyuma yake mikono miwili ya Aziza ilikuwa imetandazwa hewani, tayari kudaka, na haikudaka kitu.

Mounira alingoja mpaka kilipoondolewa, ndipo akainuka.

Alipotoa salamu aliondoka akitabasamu. Mimi nilibaki kwenye mkeka, nikaianza sala yangu upya, maana ile haikuwa sala.