Mtoto wa Kwenye Kopo

Shanga za mkononi mwa Basma ndizo zilizosema kwanza. Zamani zilikuwa zikimbana mtoto mpaka zikaacha alama. Sasa ukimwinua mkono zilikuwa zikiteremka hadi kwenye kiwiko. Hayat, mama yake, aliziona, akageuza uso. Yeye aliiamini picha.

Picha ilikuwa kwenye kopo la Bébé Roi, maziwa ya unga ya watoto: mtoto mnene, mashavu mekundu kama nyanya, taji kichwani. Kabla ya vita kampuni ya maziwa hayo iliitangaza katika mtaa mzima wa Buyenzi, ukutani, kwenye kalenda, hata kwa gari lenye spika lililozunguka mitaani likiimba. Hayat alipokuwa na mimba aliitundika kalenda yake juu ya kitanda. Mwaka ulipita, kalenda ikabaki. Malaria ilipomkausha maziwa hakumwuliza mtu ampe mtoto nini. Alikuwa anajua.

Ila tangu vikwazo vya biashara vianze, hakuna aliyenunua kopo zima. Ami Himid, mwenye duka, aliweka kopo moja tu juu ya meza, akachota kwa kijiko na kukufungia kwenye nailoni. Likiisha, alilijaza kutoka kwenye gunia nyuma ya pazia. Mtaa mzima ulijua na hakuna aliyeona ubaya, maana chumvi iliuzwa hivyo, na sukari, na majani ya chai. Wanawake walitazama kopo. Gunia lilikuwa shauri la mwenye duka.

Asubuhi hiyo Uthmani, mumewe, alichota unga wa mtoto akatia kwenye chai yake.

"We Uthmani, hiyo ya mutoto."

"Kidogo tu, mama Basma. Onja basi. Hii chai iko kama kahawa ya kule hoteli, siku nilitengeneza jenereta yao. Wanatia unga kidogo, inakuwa nyeupe pe. Na mu ule unga maziwa hata hakuna."

Hayat akaitazama chai. Ilikuwa nyeupe kuliko chai yoyote aliyowahi kupika kwa maziwa. Akaweka unga ulimini: utamu, kisha mafuta yakaganda kwenye kaakaa kama mshumaa. Akambeba Basma mgongoni.

"Unaenda wapi na chai haijaisha?"

"Kuona gunia."

Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno: mwizi, mla watoto. Aliyachagua yale yatakayouma.

Ami Himid alikuwa mzee wa Kiarabu aliyezaliwa nyuma ya duka hilohilo. Alikuwa amekaa na tasbihi yake, wanawake wawili wakingoja mbele yake.

"Salaam alaykum, Ami."

"Alaykum salaam, binti yangu. Ya mutoto, kama kawaida?"

"Apana. Leo mi nataka kuona gunia."

Mzee akacheka. "Gunia haina picha nzuri."

"Nionyeshe tu."

"Mama Basma anataka kununua duka," alisema mmoja wa wale wanawake, na mwenzake akacheka.

Ami Himid akavuta pazia. Juu ya gunia palichorwa kikombe kinachotoa moshi, na maandishi ya lugha ambayo hakuna kati yao aliyeijua.

"Hii ni kikombe ya kahawa, Ami."

"Ni kikombe, ndiyo. Watu hawanywe maziwa mu kikombe?"

"Mutoto wangu hana kikombe." Alimshusha Basma mgongoni, akazisukuma zile shanga kwa kidole kimoja, kutoka kifundo cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Hazikukwama popote.

Wale wanawake wakasogea kuziona.

"Bandarini waliniambia ni lait, maziwa," alisema mzee. "Ilitoka na boti ya Kigoma. Mi niliona nyeupe, sikuuliza. Wallahi, binti yangu, hata Moosa, mujukuu wangu, anakunywa hii hii toka..."

Hakumaliza. Tasbihi ilikuwa imesimama mkononi. Na yale maneno ya Hayat, yote yaliyonolewa njiani, hayakutoka.

"Mwantum!" mzee alimwita mkwewe aliyekuwa ndani. "Lete Moosa. Sasa hivi." Akawatoa wateja nje, akauvuta mlango wa bati mpaka chini, akawapakia Mwantum, Hayat na watoto kwenye pikapu kwenda zahanati.

Bujumbura ya miaka ile, mlango wa bati ukishuka mchana ulikuwa na maana moja tu: mapigano. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara aliusikia akakumbatia mashine yake. Jirani akafunga, wa pili akafunga, kelele za bati zikakimbia mtaa mzima kuelekea sokoni. Mtu mmoja alikuwa ameshasikia risasi. Mwingine alijua zimetokea mlima gani. Nyanya zilimwagika, kandambili zikabaki barabarani bila wenyewe.

"Nimefunga duka tu," Ami Himid alikiambia kioo cha pikapu yake, akipita katikati ya watu wanaokimbia. Mwantum alilia kimya kando yake. Hayat aliwaza jambo moja: zahanati nayo ikifunga, je?

Candide, muuguzi, alikuwa akizungusha mnyororo kwenye geti la zahanati.

"Ngoja, dada, ngoja!" Hayat alipaza sauti.

"Wanapiga wapi?"

"Hakuna anayepiga. Ni maziwa."

Candide aliwatazama watoto. Moosa, ambaye Hayat siku zote alimwona amefunikwa shali, alikuwa na uso wa kizee. Mnyororo ukafunguliwa.

"Wanakunywa nini hawa?"

Hayat akamgeukia mzee ajibu mwenyewe.

"Unga wa kutia mu kahawa," alisema Ami Himid. "Mi ndiye nauza."

"Unauzia nani mwingine?"

Mzee alitazama nje, barabara tupu, milango imefungwa yote, na nyuma ya milango ile vile vifuko vya nailoni. Akavaa viatu alivyovivua mlangoni, bila kuvifunga kamba. "Nitagonga mlango kwa mlango," alisema. Wakamsikia akiwasha gari.

Candide alileta kopo kutoka kabatini, jeupe tupu, halina mtoto wala taji. Akakoroga maziwa, akayaleta na kijiko hadi mdomoni kwa Basma.

Hayat akaushika mkono wake.

"Nipe mi kwanza," alisema, akafungua kinywa.