Ndevu za Matanga

Sikufuga ndevu kwa dini wala kwa urembo. Nilifugishwa. Baba alipofariki, sisi wanawe tulipaswa kunyolewa siku chache baada ya mazishi, na kwetu mdogo hanyolewi kabla ya mkubwa wake. Mkubwa ni kaka yangu Maloba. Alikuja kutoka Nairobi na miwani myeusi, akatupa udongo wake kaburini, akaingia garini kabla hata wageni hawajala. "Nitarudi mninyoe," akasema. Misimu miwili ya mahindi ikapita.

Asiyenyolewa bado yuko matangani. Haposi, hajengi, haendi ukweni. Mjini Busia, ninakouza mitumba, wateja waliniita Nabii. Mpakani askari aliinua kitambulisho changu, akatazama kidevu laini cha kwenye picha, akanitazama mimi, akacheka mpaka akamwita mwenzake. Nilicheka nao huku moyoni natokota.

Lakini kilichonikereketa maini hasa ni habari ya Justine. Justine ni wa Kiyeyi, upande wa Tororo, na ana mimba yangu. Baba yake, mzee Obbo, alinisimamisha nje ya ua wake.

"Wewe bado iko na kifo kwa uso," akaniambia. "Hapana ingiza hapa kwangu. Na mtoto akizaliwa mbele ya wewe kunyolewa, hiyo ni ya mimi. Nampa jina ya kwetu."

Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo. Tumbo la Justine likawa linakua, ndevu zangu zinakua, na Maloba kwenye simu ni yale yale: kazi nyingi, bana, kazi nyingi. Juma lililopita mkunga akamwambia Justine kwamba ni siku yoyote sasa. Nikampigia mama, mama akampigia Maloba akilia, na Jumamosi bwana mkubwa akafika nyumbani Lumino.

Aliposhuka garini damu ilinipanda kichwani. Kidevu chake kilikuwa kinang'aa mafuta, hakina hata unywele mmoja.

Shangazi Nasirumbi, dada yake baba, ndiye mnyoaji wa ukoo wetu. Alikuwa ameshaweka kiti mbele ya nyumba, beseni la maji moto, sabuni, na wembe wa kukunja wa marehemu, aliounoa asubuhi nzima kwenye mkanda wa ngozi. Alimtazama Maloba, akaukunja ule wembe.

"Nani alikunyoa?"

"Kinyozi tu, shangazi. Ofisini siwezi kukaa kama beberu. Nilinyoa wiki ile ile."

Wiki ile ile! Baba hajaoza, na yeye yuko kwenye kiti cha kinyozi anapakwa marashi. Mimi huku nalala na kichaka kidevuni, nachekwa na kila mpita njia, nikimngoja mtu asiye na cha kunyolewa.

"Sasa nanyoa nini? Hewa?" shangazi akauliza.

Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba labda Maloba aache ziote, sisi tungoje kidogo.

"Poa tu," Maloba akajibu, macho kwenye simu. "Nitakuja Krismasi."

Hapo nilipasuka. Nilimwita mbwa. Mbele ya mama nilimwita mbwa, na ningerudia leo. Kisha nikaenda kukaa kwenye kiti. "Shangazi, nyoa."

Hakusogea. "Bwire, unajua unafanya nini? Mwenye kukaa hii kiti kwanza ndiye mkubwa. Kugawa shamba, kuzika mama yenu, yote nakuwa kwa mkono yako. Haiwezi kurudi." Akamgeukia Maloba. "Na wewe unasikia? Unakubali?"

Maloba alicheka. "Ni kiti tu, shangazi. Akae. Mambo haya ya kizamani hayanihusu. Tumalize, nina safari."

"Sema tena, mama yako asikie."

"Akae kwanza. Nimekubali."

Mkasi ulitangulia, na ndevu zikaanguka mapajani mwangu vishungi vishungi. Halafu povu la moto. Halafu wembe. Shangazi alivuta ngozi ya shavu kwa kidole gumba, akaushusha taratibu kufuata nywele zilivyolala, akaufuta kwenye kitambaa, akarudia. Nilikuwa natetemeka kwa hasira mpaka akanipiga begani. "Tulia, nisikuchinje." Alinikata mara moja, chini ya taya. Upepo ulipogusa kidevu changu nilitaka kulia, na hilo likaniongezea hasira.

Alipomaliza, alisimama mbele yangu. Hakumtazama Maloba kabisa.

"Mkubwa," akaniita, "huyu mdogo wako namunyoa hivyo hivyo kavu, yaishe? Ama unasema nini?"

Maloba akainua uso. "Mdogo wa nani?"

Alimtazama mama, na mama alikuwa anazitazama ndevu zangu chini. Nikaona rangi inamtoka Maloba usoni kidogo kidogo.

"Shangazi, na shamba je? Nimeshaongea na watu kuhusu sehemu yangu."

"Uliza kaka yako."

Nilisimama nikajifuta sabuni na damu. Ningeweza kusema wembe upite juu ya ngozi tupu, sote tutoke matangani siku hiyo, tule kuku aliyekuwa jikoni. Mama alinisihi kwa macho, naye ni mama yangu, nampenda.

"Hana ndevu," nikasema. "Aende akazifuge. Zikimfika kifuani nitamwita."

Nikawasha pikipiki kwenda Kiyeyi. Mama aliniita kwa jina, akaniita tena, na sikugeuka.