Breki za Magari Kumi na Moja

Afisa wa leseni alipofika na futi kamba yake, Fundi alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni nyuma ya nyumba, na mamamkwe wake alikuwa anapaka rangi ya bluu mlango wa choo cha wateja. Wateja wenyewe hawakuwepo bado. Lakini sheria ilisema anayetaka leseni ya kuuza magari yaliyotumika awe na choo cha wateja, ofisi yenye mlango wa kufungwa kwa ufunguo, sakafu ya zege, na kibanda cha mabati cha kuyakinga magari na mvua. Fundi alikuwa amevipata vyote kimoja kimoja, kama ndege anavyojenga, kijiti leo, kijiti kesho.

Mtaani walimwita afisa huyo Bwana Futi, na yeye hakuchukia. Alipima kibanda, akapima zege, akafunga mlango wa ofisi, akaufungua, akaufunga tena ili asikie kitasa kinavyolia.

"Dada, nimekagua sehemu nyingi," alisema. "Wengine wananionyesha ofisi haina hata dari, wanadhani sitainua macho. Wewe umefanya kazi."

"Tumefanya na mama," Fundi alisema, akimkausha mtoto masikio.

"Mimi nimepaka rangi tu," mamamkwe alisema kutoka chooni. "Ila mgongo unasema nimejenga nyumba."

Bwana Futi alicheka, kisha akakumbusha sharti la mwisho. Asiye na leseni anaruhusiwa kuuza magari matatu kwa mwaka. La nne likitoka, huyo si mtu anayeuza gari lake tena, ni mfanyabiashara aliyejificha, na aliyejificha hapewi leseni kwa miaka kumi. Fundi alikuwa ameshauza matatu.

"Jumatatu nakuja na leseni yenyewe, ina muhuri," alisema. "Mpaka hapo, dada yangu, itulize hiyo mikono."

Mikono ya Fundi haikuzoea kutulia. Alikuwa ananunua magari yaliyokatiwa tamaa, moja moja, anayafufua, ndipo anayauza. Hakumficha mnunuzi kitu. Alikuwa anamlaza chini ya gari pamoja naye, hata akiwa amevaa suti, na kumwonyesha kila kilichochakaa. Magari yaliyopita mikononi mwake yalikuwa na tabia ya kurudi. Gari la mwalimu mmoja lilirudi peke yake jioni moja, likawasha taa ya kukata kona pale penye duka, likasimama langoni bila kupiga honi. Fundi alipofungua boneti alikuta mkanda wa feni umebakiza nyuzi. Asubuhi mwalimu alikuja kwa miguu, akauliza, "Limekuja huku?" Akajibiwa lipo, linakunywa maji. Majirani walishazoea. Jioni waliondoa ndoo zao njiani ili magari yapite.

Mumewe alikuwa dereva. Wiki ambayo Fundi alikuwa wodini anajifungua, alinunua gari kwenye yadi ya barabara kuu, maana alitaka mtoto arudi nyumbani ndani ya gari la baba yake. Alitaka pia kumshtua mkewe kwa furaha, kwa hiyo hakumwonyesha. Breki zilimwacha kwenye mteremko wa hospitali, naye hakufika wodini. Leseni ya yadi ilikuwa ukutani siku hiyo, ndani ya fremu ya dhahabu, na bado iko.

Ijumaa, jua likiwa linashuka, magari kumi na moja yalitoka kwenye yadi hiyo. Yalitoka kwa mstari mmoja, bila madereva, yakiwa bado na karatasi za bei kwenye vioo. Mlinzi aliyafungulia geti kwa sababu la mbele lilikuwa limewasha taa za kuomba njia. Yalipita sokoni taratibu, yakisimama kila penye watoto wanaovuka, na kwa kuwa breki zake zilikuwa mbovu yalianza kusimama mbali sana, kama mzee anayejua magoti yake. Yalipofika kwa Fundi yalijipanga kando ya ukuta, na yaliyobaki yakaingia kwenye kibanda.

Mamamkwe aliyapokea na taa mkononi. "Karibuni," aliyaambia. "Ila hilo zege ni jipya. Mwenye kuvuja oili asimame kwenye mchanga."

Magari matatu yalirudi nyuma yakasimama kwenye mchanga.

Fundi aliingia chini ya la kwanza, akatoka. Akaingia chini ya la pili. Alipotoka chini ya la kumi na moja alikaa kwenye taili na kunawa mikono kwa petroli. Pedi za breki zilikuwa zimekwisha kabisa. Mahali pengine palikuwa na vipande vya mpira wa taili vilivyokatwa kwa mkasi na kugundishwa ili mguu wa mnunuzi, akijaribu kwa dakika mbili, usishtuke. Ugundishaji wenyewe alikuwa ameshauona. Polisi walipomrudishia gari la mumewe, alilifungua kwa mkono wake.

Jumamosi asubuhi Mwenye Yadi alifika. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia safi. Aliyahesabu magari yake, akatazama jeki iliyokwisha kuinua la kwanza, akaelewa.

"Usijisumbue kuniambia, fundi. Yamekuja yenyewe, nimesikia," alisema. "Unataka kuyafanya breki?"

"Yana mpira wa taili badala ya pedi."

"Mafundi wangu hao, watanizeesha." Alipangusa kofia. "Basi endelea. Sina haraka. Nitatuma madereva Jumatatu."

"Na pedi?"

"Pedi za nini? Mimi sijaleta gari gereji." Alimchezea mtoto shavu, akaaga kwa heshima.

Bwana Futi alikuja mchana, amevaa nguo za nyumbani, kwa sababu habari zilimkuta akila. Hakuuliza magari yalikujaje. Alikaa kwenye taili lile lile na kufungua kitabu cha sheria pale alipokuwa amekikunja.

"Dada, kuna kifungu," alisema. "Kiliwekwa kwa ajili ya wajanja wanaouzia kwenye uwanja wa mtu mwingine. Gari linalouzwa likilala kwako usipoligusa, likaondoka, si lako, halikuhusu. Ukiligusa kwa spana likaondoka, umeliuza wewe. Hata kama hukupokea senti."

"Nikizigusa breki za yote?"

"Yatakuwa kumi na moja, na yale matatu, kumi na nne. Miaka kumi, dada."

"Na yeye? Mpira wa taili hauna kifungu?"

Bwana Futi alipekua, maana alikuwa mtu mwaminifu. Alipekua mpaka mwisho na kurudi mwanzo. "Yeye ana leseni," alisema hatimaye. "Mwenye leseni hukaguliwa choo, ofisi, sakafu na kibanda. Vyake ni vizuri kuliko vyako. Sheria ni msumeno, dada, hukata mbele na nyuma."

Mamamkwe alikuwa anampigisha mtoto hatua kwenye zege. "Huu msumeno wenu, mwanangu," alisema, "mbona una meno upande mmoja?"

Afisa alikifunga kitabu. Aliomba maji, akanywa, akaondoka akitembea pembeni ya zege ili asiache nyayo.

Fundi alibaki amesimama katikati ya magari. Alikuwa na sababu za kuyaacha, na zote zilikuwa nzuri. Kwa leseni angeweza kuuza magari thelathini kwa mwaka, yote mazima, kwa watu thelathini wanaorudi nyumbani. Bila leseni, matatu tu aliyokwisha kuuza, kisha miaka kumi ya kusuka nywele za watu au kufua. Mtoto alikuwa amejifunza kusema jina la rangi ya kibao cha biashara kilichokuwa kimeagizwa.

Karatasi ya bei kwenye gari dogo jeupe iliandikwa kwa mkono: *Linafaa familia changa*. Fundi aliisoma. Kisha akalala chali, akajisukuma chini ya gari hilo.

"Mama," aliita kutoka huko, "pedi zitatoka wapi?"

Mamamkwe alishamfunga mtoto mgongoni. "Mlango wa ofisi nao niliupaka mimi," alisema. "Nitaubeba mimi." Akaung'oa kwenye bawaba, akajitwika kichwani, akaenda nao sokoni. Aliporudi na pedi, alianza mabati ya kibanda. Watu walionunua mabati hawakupunguza bei, na wawili waliongeza, kisha wakajifanya wamekosea hesabu.

Kumwona Fundi akifanya kazi siku hizo mbili lilikuwa jambo la kukaa kitako na kutazama. Alifungua kila gurudumu kwa subira, kama mtu anayemvua mtoto kiatu bila kumwamsha. Alibandua ule mpira, akasafisha chuma mpaka kikang'aa, akaweka pedi, akamwaga mafuta ya breki mapya na kukanyaga pedeli huku ameinamisha kichwa, akisikiliza. Asiporidhika alifungua tena. Gari lililokwisha lilisogea lenyewe hatua chache, likasimama pale pale lilipotaka, likaliachia jingine nafasi. Mwalimu alikuja kumshikia tochi. Jirani alileta uji. Hakuna aliyemwambia aharakishe, wala aliyemwambia aache.

Jumatatu Bwana Futi alikuta hakuna mlango, hakuna kibanda, na madereva wa yadi wakiondoka na magari, wakifunga breki langoni kwa kujaribu na kutazamana. Aliyahesabu yakitoka. Alipofika kumi na moja alifunika kalamu.

Leseni alikuwa nayo mfukoni, ina muhuri, na aliichana pale pale katika vipande vinne, kama kifungu kinavyotaka. Kisha alimshika Fundi mkono kwa mikono yake miwili, grisi na yote, akaushikilia muda mrefu kuliko kawaida ya maafisa.

"Shikamoo," alimwambia, ingawa alimzidi umri.

"Marahaba, kaka," Fundi alisema.

Mwenye Yadi alipandisha bei. Kwenye vioo aliongeza maneno *breki mpya*, na safari hii yalikuwa kweli. Magari yote yaliuzwa mwezi ule ule, na jeupe lilichukuliwa na mume na mke waliokuja na kitanda cha mtoto, wakakifunga juu yake. Kwenye mteremko wa hospitali lilisimama vizuri.

Shehena mpya ilipoingia yadini, mlinzi hakungoja kuombwa njia. Aliacha geti wazi. Magari yalishuka jioni, yakapita sokoni, yakajipanga ukutani kwa Fundi, na kwa kuwa kibanda hakikuwepo yakanyeshewa kidogo. Mwenye Yadi alishawaachisha kazi mafundi wake. Siku ya tatu alituma madereva, kama mtu anayetuma kufuata nguo kwa dobi, ila dobi hulipwa.

Walimkuta Fundi chini ya gari la mwisho. Miguu yake tu ndiyo ilionekana, na mtoto ameketi karibu nayo akila kipande cha muhogo.

"Fundi, bosi anasema tuwahi," kiongozi wao alisema.

"Bado," Fundi alijibu kutoka chini.

"Bado kiasi gani?"

"Bado halijasimama ninavyotaka."

Kiongozi alitazama wenzake. Mmoja wao alikuwa amenunua gari kutoka yadini mwezi uliopita, analitumia kupeleka wanawe shule. Huyo alivua kofia, akakaa chini kwenye zege. Wengine nao wakakaa, wakangoja.