Yai, Mfungate, Kenda

Mkaza mwanangu alikuwa anafuma vitambaa vya meza, mimi nawajibu wateja kwa simu yake, maana vidole vyake havikuwa na nafasi na vyangu havina kazi. Duka letu lilikuwa ndani ya soko la mtandaoni: miaka sita, nyota mia tatu na ushee, zote kwa jina lake. Tangu mwanangu afariki, nyota hizo ndizo zilizokuwa zikitulisha.

Siku moja binti mmoja akaagiza vitambaa arobaini vya harusi. Wenye soko hukata fungu lao kila tukiuza, nami roho ikaniuma: hata sindano hawajaishika. Nikataka mteja atupigie, tumalizane pembeni. Mkwe akanikataza.

"Mama, wakitushika wanafunga duka. Namba ya simu wanaiona, hata ukiiandika kwa maneno."

Nikaitikia vizuri, kama mtu atakayesikia. Mashine yao ya juzi itajua saba na tisa. Hesabu ya bibi yangu itaijulia wapi? Nikaandika: yai, mfungate, mtandatu, kenda, na kuendelea. Yai ni sifuri, mwenye macho anaona; mfungate ni saba, mtandatu sita, kenda tisa. Ujumbe ukapita bila hata kukohoa. Nikacheka mpaka mkwe akauliza kama nimepaliwa.

Mteja akajibu kwa adabu kwamba mayai hahitaji, na fungate bado, harusi ni mwezi ujao.

Nikamrudishia yaleyale, nikaongeza "piga". Maskini, hakuwa na ubaya. Akabonyeza palipoandikwa msaada, akawauliza wenye soko: kenda ni nini?

Kumbe na huko kuna mtu mwenye bibi.

Kufika adhuhuri duka limefungwa. Mkwe akaandika kuomba radhi. Jibu likaja kabla hajaweka simu chini, kwamba uamuzi ni wa mwisho. Akafungua duka jingine kwa jina langu. Wakaitambua simu, nalo wakalifunga.

Nilingoja anitukane. Angenitukana ningepata pa kujibia. Akaketi sakafuni kando ya vitambaa vilivyokwisha kufumwa, akachukua cha juu, akaanza kukifumua ili angalau auze uzi.

"Shika hapa, mama. Zungushia mkononi, unihesabie. Ikifika kumi nakata."

Nikahesabu. Sita, saba, nane. Hapo ulimi ukakwama.

"Endelea, mama."

"Tisa," nikasema.