Mwizi Anayerudisha Skrubu

Kila asubuhi Wakesho alianza kazi kwa namna moja. Alitandika leso yake kuukuu kwenye sakafu ya sebule ya Mzee Nashon, akavua viatu, akaketi, kisha akachukua betri ya tochi na nyaya mbili fupi. Aligusisha nyaya hizo nyuma ya spika, nayo spika ikamjibu: pup, kutoka chini, sauti nzito, halafu tik, kutoka juu, sauti nyembamba. Hapo ndipo alipojua mgonjwa ameamkaje.

Asubuhi hiyo chini kulijibu. Juu kulinyamaza.

Aligusisha tena. Kimya. Akabandua kitambaa cha mbele. Twita, ile spika ndogo ya juu ambayo yeye mwenyewe aliifunga jana, haikuwapo. Palibaki tundu la duara linalomtazama.

Spika zenyewe zilikuwa mbili, za mbao nzito, kimo cha mtoto wa darasa la pili. Meneja Mzungu wa shamba la mkonge alimwachia Mzee Nashon alipokuwa akirudi kwao, na mzee, aliyekuwa fundi wa mitambo pale shambani, alizitunza kama ng'ombe wa mahari mpaka joto la Voi likala sponji za kingo zake, zikaanza kukoroma, mwishowe zikanyamaza. Sasa alikuwa amestaafu. Mtu mmoja wa Nairobi, wa wale wanaopenda vitu vya zamani kuliko vipya, alikuwa aje Jumamosi kuzinunua, mradi zote mbili zinaimba. Kuzibeba hadi mjini kungezivunja, kwa hiyo fundi ndiye aliyezifuata nyumbani, mtaa wa Sofia.

Kwa Wakesho hii ilikuwa kazi yake ya kwanza peke yake tangu atoke chuoni. Alikuwa msichana wa Bura, kule milimani, mwenye haya, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Lakini alijua jambo moja: Voi si mji mkubwa. Fundi akiitwa mwizi leo, kesho hakuna atakayemwachia hata redio ya betri.

Na shaka ilikuwa imemkaa tangu siku ya kwanza. Mzee alimwambia kwamba twita moja na koili ya shaba, ule waya uliozungushwa wa kugawa sauti, zilipotea zamani, miaka mingi, labda ni watoto wa majirani. Wakesho alipofungua sanduku aliona ajabu. Vumbi jekundu la Voi huingia hata ndani ya sukari iliyofunikwa, na humo ndani lilikuwa limelala kila mahali, isipokuwa pale koili ilipokuwa. Hapo mbao ilikuwa safi, rangi ya asali. Kitu kilichoondoka zamani hakiachi nafasi safi.

Aliagiza vipuri Mombasa, akavifunga, akaanza kumwangalia kila mtu kwa jicho la pembeni. Alimshuku Mzee Nashon, kwamba labda anamtegea mtego. Alimshuku Morris, mpangaji wa chumba cha uani, ambaye kila akipita dirishani alichungulia na kumuuliza kama spika zikipona ataalikwa disko au matanga. Mtu pekee ambaye hakumshuku ni Mideva, mke wa mzee, ambaye Wakesho alimwita Mama Mideva kwa heshima, na aliyeshinda kwenye cherehani yake pembeni akishona sare za shule, akimletea chai ya tangawizi na kumwambia kila siku kwamba kazi nzuri haina haraka.

Mzee Nashon aliingia akitoka kuoga, taulo begani. Aliliona tundu. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nyumba hii ililala na watu wawili," alisema, "na wa tatu ni wewe uliyeondoka jana jioni na mkoba. Mimi siwezi kujiibia. Mideva hajui hata kubadilisha betri ya saa. Piga hesabu mwenyewe, si umesoma?"

Mzee akaongeza kwamba watu wa milimani ni wapole, ndiyo, lakini paka naye ni mpole. Kisha akasema anakwenda kumwita Morris awe shahidi, mkoba ufunguliwe mbele ya watu, na baada ya hapo watajua kama ni kituo cha polisi au la.

Alipotoka, Wakesho aliinama tena juu ya lile tundu, machozi yakimziba macho. Ndipo alipoona skrubu. Zote nne zilikuwa zimerudishwa kwenye matundu yake, zimekazwa kwa upole. Mwizi gani huyo? Mwizi huzitupa, au huzibeba. Aliyetoa twita hii alitaka isikose kurudi mahali pake siku moja. Akavuta nyaya zilizobaki. Ncha zake zilikuwa zimezungushiwa uzi, kila moja peke yake, zisigusane zikaunguza kitu. Uzi mwekundu uliokolea, rangi ya damu ya mzee, umefungwa kifundo kidogo, safi, cha mtu aliyefunga vifundo maisha yake yote.

Aliinua macho polepole. Cherehani ilikuwa imesimama. Chini ya sindano palikuwa na sketi ya shule, rangi hiyo hiyo, na Mama Mideva alikuwa akimtazama.

Wakesho alisikia mlango wa uani ukigongwa, sauti ya mzee na ya Morris. Ilimtosha kunyoosha kidole tu. Alimtazama yule mama, mikono yake iliyokunjamana juu ya sketi ya mtoto wa mtu, akashindwa. Aliukata uzi, akauficha kiganjani.

Wanaume wakaingia. Morris, bila mzaha safari hii, alisimama karibu na mlango akitazama viatu vyake. Mzee akaamuru mkoba umwagwe. Bisibisi, koleo, chanuo, ndizi moja, vyote vikaanguka juu ya leso. Twita haikuwemo.

"Basi ameshaiuza," mzee alisema. "Twende kituoni. Inuka."

Wakesho akainuka, akitafuta viatu vyake.

"Mwache mtoto wa watu," Mama Mideva alisema.

"Wewe shona."

"Ni mimi." Aliingia chumbani, akarudi na kikapu cha vitambaa. Chini ya vitambaa zilikuwamo twita mbili, ya zamani na ya jana, na koili ya shaba, kila kimoja kimefungwa kama yai.

Mzee Nashon alizitazama, akamtazama mkewe, akajaribu kucheka. Akamuuliza spika zimemkosea nini.

"Hazijanikosea. Ulisema zikipona zinauzwa, zikiuzwa tunajenga kwenu Vihiga, tukijenga tunahama. Ulimwambia mchungaji, ukamwambia Morris. Mimi nilikusikia ukiwaambia. Nikawa nasema kazi haina haraka, kila siku haina haraka, nikidhani utaniuliza kwa nini." Hakuketi. "Kule kwenu mimi ni yule asiyezaa. Hapa nusu ya watoto wa Voi wamevaa kazi ya mikono yangu. Sitaki kuhama, Nashon. Hapa ndipo kwangu."