Nzi wa Ruthell Faison

Ruthell Faison alipika alfajiri, kabla ya joto. Saa hizo nzi walikuwa bado wamelala darini, weusi, wamebanana kama masizi, na mwanamke mwepesi wa mkono aliweza kukoroga uji wa mahindi, kukaanga vipande vya nyama ya nguruwe na kufunika kila kitu kabla hawajaamka. Jua likishapanda, basi tena. Walishuka. Walitua kwenye midomo ya vikombe, kwenye sabuni, kwenye miwani yake. Pazia jeupe la jikoni, alilolishona mwenyewe, lilikuwa limejaa madoa ya kinyesi chao, na hata dawa ya kung'arisha nguo haikuyatoa.

Siku hiyo alichelewa. Mumewe, Linwood, aliamka na maumivu ya mguu, na mpaka amgeuze na kumkalisha, uji ulikuwa umeshaingia nzi.

“Watoe tu,” Linwood alisema. “Nishakula vibaya zaidi ya hivyo jeshini.”

“Jeshini hukuwa na mke.”

“Ndiyo maana chakula kilikuwa kibaya.”

Ruthell alicheka, akaenda kumwaga. Kisukari kilikuwa kimemla Linwood vidole vya mguu wa kushoto, na kwenye kisigino palikuwa na kidonda kilichokataa kufunga. Nesi wa kaunti alikuja mara moja kwa wiki kukitazama. Siku nyingine zote kazi ilikuwa ya Ruthell.

Ng'ambo ya barabara, palipokuwa na shamba la tumbaku la akina Kornegay, kampuni ya mayai ilikuwa imejenga mabanda marefu ya bati, yasiyo na dirisha hata moja. Kuku waliishi juu, kwenye vizimba. Kinyesi kilidondoka shimoni na kukaa humo miezi na miezi. Kingekuwa kikavu, afadhali. Lakini mabomba ya kunyweshea kuku yalivuja, na kwa nzi, kinyesi kilicholowa ni kitanda cha uzazi. Wakishaota mbawa walifuata harufu ya chakula, na nyumba ya kwanza njiani ilikuwa ya Ruthell.

Alipiga simu kaunti majira yote ya joto. Mwishowe wakamtuma afisa wa afya, kijana aitwaye Prentiss Rusk, mwenye viatu vilivyong'arishwa.

“Wewe ndiye Ruthell?” aliuliza akiwa mlangoni.

Hata watu waliomchukia Ruthell katika kaunti ile walimwita Bi Ruthell. Alimtazama kijana kwanza viatu, kisha uso.

“Mimi ni Bi Faison. Karibu ndani.”

Rusk aliingia, akajipiga kofi shingoni. Alifunua pipa la taka, akakuta kifuniko kimebana. Alichungulia chini ya jiko, akanusa sinki, akapitisha kidole kwenye nyavu za madirisha ambazo Ruthell alikuwa amezishona kwa uzi kila zilipochanika. Alisimama chini ya mifuko ya maji iliyoning'inia mlangoni.

“Hii ya nini?”

“Watu husema nzi wakijiona humo huogopa.”

“Na wanaogopa?”

“Wewe unaonaje?”

Hakucheka. “Nzi hawaanguki kutoka mbinguni, Ruthell. Uchafu ndio unaowaita. Taka ifunikwe, vyombo visilale, sinki imwagiwe maji ya moto, uchafu wa wanyama uokotwe uani. Ukiyafanya hayo...”

“Nimeyafanya hayo tangu mama yako anasuka mikia miwili. Geuka nyuma.”

Aligeuka. Dirisha lilijaa mabanda, mwanzo hadi mwisho.

“Ile si idara yangu.”

“Idara ya nani?”

“Kilimo. Na usijisumbue kuwapigia. Sheria inamlinda mkulima. Shamba lina haki ya kunuka kama shamba.”

“Babu yangu amelima hapa, baba yangu amelima hapa. Mbona sisi hatukupewa hiyo haki ya kunuka?”

Rusk alitoka kwenda uani. Nyuma ya kibanda cha kuni akasimama ghafla, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyeokota funguo zake zilizopotea.

“Ahaa! Kumbe unafuga kuku.”

“Wanne.”

“Kuku wananya, Ruthell. Na mavi ndiyo yanayoleta nzi.”

Ruthell alingoja acheke. Nyuma ya mabega ya kijana, feni za mabanda zilikuwa zikivuma, zikipuliza harufu mpaka inakaa ulimini.

“Unasema kweli au unanitania?”

“Waondoe hawa. Nikirudi nikiwakuta, nyumba hii itatangazwa kuwa haifai kukaliwa na binadamu.”

Kesho yake aliwachinja. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma akinyonyoa wa mwisho pikapu ilipoingia uani. Alishuka Dale Hutchens, meneja wa mabanda, shavu moja limevimba kwa tumbaku, mikononi ana katoni ya karatasi za gundi za kunasia nzi.

“Nasikia una tatizo la nzi, Bi Ruthell. Zawadi hii kutoka kampuni.”

“Nina tatizo la majirani.”

Hutchens alicheka, akatema mate pembeni. “Sisi tunalisha nchi, mama. Watu lazima wanywe chai asubuhi. Sasa mimi nakuambia kwa wema tu: mkitaka kuhama, kampuni itakichukua kiwanja. Hakuna mtu mwingine atakayekitaka, hilo unalijua.”

“Nani kawafanya wasikitake?”

“Naongea kama jirani.”

“Basi njoo ule kama jirani. Huyu naenda kumkaanga sasa hivi. Mlete na mkeo, tukae humo ndani, mle taratibu.”

Hutchens aliangalia mlango. Wavu wake ulikuwa mweusi na ulikuwa unatembea. Aliweka katoni kwenye ngazi, akarudi garini, na kabla hajawasha injini akapandisha kioo.

Ruthell alizitundika zile karatasi chumba kizima. Adhuhuri zilikuwa zimejaa, nzi wanatetemeka juu yake na sauti yao ni ya kitu kinachokaangwa. Moja ilimnasa nywele. Ilibidi achukue mkasi.

Kisha ikaja wiki ya matrekta. Watu wa kampuni walifukua mashimo ya mabanda na kutapanya samadi mbichi shamba zima. Mawingu ya nzi yakavuka barabara, yakahamia nyumbani. Ruthell alifunga mlango wa chumba cha Linwood, akaziba nyufa kwa magazeti, akakaa kando ya kitanda na kitambaa mkononi. Aliosha kidonda, akakifunga. Aliosha, akakifunga. Mchana mmoja, joto likiwa limemlegeza, kichwa chake kikaangukia kifuani. Alilala kidogo tu. Aliposhtuka, bendeji ya Linwood ilikuwa imeteleza na kisigino kilikuwa cheusi kwa nzi. Aliwafukuza, akaosha, akakifunga upya, na hakumwambia.

Kesho yake ilikuwa siku ya nesi. Gwyn alikuwa mtu mzuri; kila mara alimletea Linwood peremende zisizo na sukari. Alifungua bendeji akipiga soga, kisha soga ikakatika. Ndani ya nyama kitu cheupe kilikuwa kinajongea.

“Bi Ruthell. Hiki umekiosha lini?”

“Jana. Na leo asubuhi sikutaka kukigusa kabla hujaja.”

“Bi Ruthell, haya ni mabuu.”

“Najua ni nini.”

“Dada,” Linwood alisema, kichwa kikiwa kwenye mto, “mke wangu hajalala kitandani tangu Juni. Hilo nalo ukawaambie.”

Gwyn aliyatoa moja moja kwa kibano. Machozi yalikuwa yanamtoka. “Lazima niripoti. Nisiporipoti, kazi sina.”

“Ripoti na yale mabanda.”

“Mimi naripoti wagonjwa, Bi Ruthell. Mabanda hayanihusu.”

Walikuja na gari la wagonjwa, mwanamke wa ustawi wa jamii mbele, Rusk nyuma yake. Mwanamke aliongea taratibu, kama anaongea na mtoto. Alitumia neno uzembe. Alisema nyumba imejaa wadudu na mgonjwa hayuko salama mikononi mwa mkewe. Ruthell alisema kuku hawapo. Alimshika Rusk mkono wa shati. “Mwambie! Uliniambia niwaondoe, nimewaondoa. Mwambie basi!”

Rusk aliutoa mkono wake polepole, akatazama shati kama limechafuka.

“Ruthell!” Linwood alipiga kelele kutoka kwenye machela. “Usiwaache wanichukue! Ruthell!”

Alisimama barabarani hadi gari likapotea. Lori la mayai lilimpigia honi apishe.

Ilipita karibu wiki ndipo akaruhusiwa kumwona. Mshirika mwenzake wa kanisa alimpeleka hadi mjini, kwenye nyumba ya wazee yenye madirisha yasiyofunguka, baridi ya mashine na harufu ya dawa ya sakafu. Ruthell alikuwa amevaa kofia yake ya Jumapili. Kila kitu kilikuwa kisafi. Linwood alikuwa amelazwa chali, kanyolewa ndevu, na mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa kwenye vyuma vya kitanda kwa mikanda laini.

“Kafanya nini?” aliuliza Ruthell.

“Hajafanya kitu, bibi,” alisema mhudumu, msichana mwenye chingamu mdomoni. “Ila kutwa anajipiga usoni. Anafukuza nzi. Amejikwaruza hadi jicho. Tunamwambia, babu, humu hamna nzi, haelewi. Daktari anasema kichwa kimeanza kumchoka.”

Ruthell alishika mkanda, akatafuta kifungo.

“Bibi, usimfungue. Ukimfungua, watakukataza kuja. Sikutishi, nakwambia tu.”

Aliacha. Linwood alifumbua macho, akamtazama. Shavu lake lilikuwa linarukaruka lenyewe, kama ngozi ya farasi wakati wa joto.

“Wananiingia machoni, Ruthell,” alinong'ona. “Siwawezi.”

Alivuta kiti, akakisogeza hadi kikagusa kitanda. Akavua kofia. Akaanza kumpepea nayo, taratibu, juu ya paji, juu ya macho, juu ya mdomo, uso msafi usio na kitu. Mhudumu aliegemea mlango, akitafuna, akingoja muda wa wageni uishe.